Mkwe Hapitwi

Kafedha hakuwa mwanamke wa kinyaa. Alikuwa ameosha matumbo ya mbuzi kwa mikono yake, ameuguza kidonda cha mamake mpaka mamake akafa, na hakuna siku aliyoziba pua. Lakini uwanja ule wa Miritini, wallahi, ulimchafua roho tangu siku ya kwanza alipotia mguu. Kwanza harufu yake: mafuta ya gari yaliyoungua, bia iliyomwagika juani, na jasho la watu walioshindiliana nyuma ya kamba tangu asubuhi. Halafu kelele. Halafu wale wenye uwanja.

Uwanja wenyewe ulikuwa shamba la mkonge lililokufa. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu nyuma, jeshi likayapiga mnada magari yake, na mzungu mmoja mwenye malori mengi, ambaye wafanyakazi wake walimwita Bwana Mrefu, akarudi kutoka Amerika na habari mpya. Kule, alisema, watu huchukua gari la kawaida tu, la kwendea kazini, wakaling'oa milango na vioo, wakashindana nalo kuzunguka duara la vumbi. Rafiki zake wakalipenda jambo hilo. Ila hakuna hata mmoja aliyetaka kuvunja mbavu zake mwenyewe. Walinunua magari, wakawatia ndani madereva Waafrika, wao wakaketi hemani na bilauri zao kutazama. Ndivyo watu wafanyavyo na majogoo ya kupigana, na jogoo haulizwi kama anataka.

Kafedha alimwona kwa macho yake Kalama wa Mishomoroni alipopinduka. Gari lilimlalia mguu. Watu wa hemani wakasimama, wakapiga makofi, kisha bibi mmoja akaashiria kwa mwavuli wake kwamba majeruhi asogezwe kidogo, amemzibia. Amemzibia! Mtu mfupa umetokeza nje, na yeye amezibiwa! Kafedha alitema mate chini, akasema hatarudi pale hata kwa kuburutwa.

Alirudi. Angefanyaje, naye mumewe ni mmoja wa madereva hao?

Mumewe aliitwa Thoya. Wakati wa vita aliendesha lori la jeshi huko Burma, kwenye matope ya kufika kiunoni, akarudi nyumbani na koti moja na ahsante. Alizunguka Mombasa nzima akitafuta usukani, hakuupata. Akaishia bandarini kubeba magunia. Mtu aliyekuwa akivusha lori mtoni juu ya magogo mawili, sasa mgongo wake ndio umekuwa lori. Jioni alirudi Changamwe bila neno, akaketi kizingitini, na mguu wake wa kulia ukawa unakanyagakanyaga sakafu. Kafedha alijua anakanyaga nini, na moyo ulimuuma.

Basi Bwana Mrefu alipotangaza kwamba dereva atakayeibuka wa kwanza mwisho wa msimu atapewa lori la safari ya Voi, kazi ya kudumu, Thoya alipata wazimu. Alimwendea mwenye kiwanda mmoja, akamwomba na kumwomba, akapewa Ford moja kuukuu iliyokuwa imelala nyuma ya ghala. Akaifufua. Na kuendesha alijua, jamani, tuseme ukweli. Wenzake walifika kwenye kona wakapunguza mwendo. Yeye aliiingia kona ubavu-ubavu, tairi zikilia, vumbi likiwafunika watu wa kamba mpaka kope. Walimwita Thoya wa Kona. Hata Kafedha, pamoja na kinyaa chake chote, alipomwona mumewe akitoka ndani ya vumbi lile mbele ya wote, alijikuta anaruka na kupiga vigelegele, halafu anaona haya.

Msimu ulipofikia ukingoni walibaki wawili tu wa kugombea lori la Voi: Thoya, na Mkamba mmoja wa Mikindani aliyeitwa Kioko. Atakayetangulia katika mbio za mwisho ndiye. Na Kioko hakuwa na mbavu za kumshinda Thoya. Hilo hata mbwa wa Miritini walilijua.

Sasa hapa ndipo anapoingia Mzee Gona, babake Kafedha.

Mzee Gona alikaa upande wa Rabai, na kanisani hakubali kukaa isipokuwa benchi la mbele. Nyumbani kwake palikuwa na sharti moja alilolishika kuliko amri zote kumi: mkwe hapitwi njiani. Umeoa kwangu, ukinikuta mbele yako njiani, utakaa nyuma yangu mpaka mimi mwenyewe nisogee kando nikwambie, "Pita, mwanangu." Ukinipita bila neno hilo, umeitemea mate nyumba ulikotoa mke, na mke anarudi kwao. Wala hakuwa akitania. Dadake Kafedha, Jumwa, mumewe alimpita mzee sokoni kwa bahati mbaya tu, ana haraka ya dawa ya mtoto. Jumwa akaitwa nyumbani, akawekwa huko, mpaka ndoa ikafia mbali.

Thoya aliliheshimu sharti hilo kupita kiasi. Siku moja alimkuta mzee njiani, yeye Thoya yuko juu ya baiskeli, na jogoo amefungwa nyuma. Alishuka akaikokota baiskeli nyuma ya mzee mpaka Rabai. Kafedha alikuwapo, na jambo moja halikumponyoka: babake aligeuka mara moja, akaona kwamba ni mkwewe, akaanza kutembea polepole zaidi. Akasimama kuchuma jani. Akasimama kukagua kiatu. Hakuna "pita" wala nini.

"Babake Rosalia, ungempita tu," Kafedha alimwambia mumewe baadaye, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Ana nini cha kuchuma majani?"

"Ni mzee wangu," Thoya alijibu. "Na wewe nakutaka nyumbani."

Kafedha akamtilia maji ya kuoga, aondoe vumbi la njia.

Siku ya mbio za mwisho Kafedha alisimama kwenye kamba na jirani yake Rispa, mke wa mfanyakazi wa reli aliyetoka bara. Magari yalijipanga. Ilikuwa ni desturi ya mbio zile kila gari kuwa na taniboi, kwa sababu vioo vyote vilikuwa vimeng'olewa, hata kile cha kutazamia nyuma. Taniboi alikaa kando ya dereva, uso ameuelekeza nyuma, akampiga dereva begani kumwonya: anakuja wa kushoto, anakuja wa kulia.

Taniboi wa Kioko siku zote alikuwa ndugu yake. Siku hiyo kitini alikaa mzee, amevaa koti jipya la kaki lililomshinda mabega, na kofia yenye unyoya.

"Ala!" Rispa akasema. "Yule si babako?"

Kafedha aliinama juu ya kamba apate kuona vizuri.

"Ni babako, bwana. Anafanya nini kwenye gari la adui?"

"Rispa, nyamaza kwanza," Kafedha akasema. "Nyamaza, nakuomba." Kisha akamweleza sharti la kwao kwa maneno machache, na Rispa akajishika kifua.

"Kwa hivyo mumeo hawezi..."

"Hawezi."

Bendera ikashushwa. Kioko alikuwa amepangwa mstari wa mbele, akatangulia. Thoya alianzia nyuma, akawapita wote kama kawaida yake, mmoja baada ya mwingine, watu wakipiga mayowe jina lake. Akatoka kwenye kona ya mbali ubavu-ubavu, akanyooka, pua ya Ford yake ikafika kwenye mkia wa gari la Kioko. Na hapo, kupitia nafasi ile isiyo na kioo, akakutana uso kwa uso na baba mkwe wake.

Mzee alikuwa amekunja mikono kifuani, anamtazama tu.

Kafedha aliuona mguu wa mumewe, ingawa kwa pale aliposimama asingeweza kuuona. Aliuona ukiondoka kwenye mafuta. Ford ikapunguza mwendo. Ikakaa nyuma kwa adabu, nafasi ya mtu kulala katikati. Kioko alipogeuka na kuona hivyo naye akapunguza, maana haraka ya nini tena? Wakazunguka. Wakazunguka tena. Wale wa nyuma, magari yao yalikuwa mabovu, hawakuweza kufaidika na chochote. Wakati fulani mzee alikohoa kwa vumbi, na Thoya, masikini ya Mungu, akadhani ndiyo ruhusa, akachomoka upande wa kulia. Mzee akatikisa kichwa. Thoya akarudi nyuma.

Kwanza watu walinung'unika. Baadaye mtu mmoja anayelijua sharti la Mzee Gona akamwambia jirani yake, na jirani jirani yake, na kicheko kikaanza kutembea kwenye kamba yote. Hemani nako walitaka kujua. Wakamwita mpishi, mpishi akaeleza kwa mikono na Kiingereza chake, na hapo ndipo wazungu wale walipopasuka. Walicheka mpaka wengine wakainamia meza. Walisimama, wakawa wanapiga makofi kila Ford ilipopita nyuma ya yule mzee, wakimpigia Thoya miluzi ya kuitia mbwa.

Kafedha alipenya chini ya kamba, akakimbia mpaka ukingoni mwa barabara. Gari la Kioko lilipokaribia alipiga kelele kwa nguvu zake zote, "Baba! Mpe njia! Baba, nakusihi, mwambie apite!"

Babake alimwona. Alimwona vizuri sana. Kisha akageuza uso upande wa hema, akavua kofia yake yenye unyoya, akawapungia wazungu.

Kioko alimaliza wa kwanza. Bwana Mrefu hakukasirika hata chembe. Alikuja akijifuta machozi ya kicheko, akampa Kioko mkono, kisha akampigapiga Thoya mgongoni. Ford ilirudishwa nyuma ya ghala. Jumatatu asubuhi Thoya alikwenda bandarini kubeba magunia. Hakusema lolote, na kwa kweli hilo ndilo lililomkera Kafedha kuliko yote. Mtu akivuliwa nguo hadharani si apige hata kelele?

Yeye hakuwa wa kunyamaza. Alijifunga leso mbili, akashika njia mpaka Mikindani, akamkuta Kioko uani anaosha lori la Voi. Lori lenyewe lilikuwa zuri, la kijani. Kulitazama tu kulimtia uchungu.

"Kioko, huna haya," alianza bila salamu. "Umeshindwa na mwanamume mwenzio uwanjani, ukaenda kumnunua mzee wa watu kwa koti! Ulimpa nini kingine? Ulimpa pombe? Sema!"

Mkewe Kioko, Jael, alitoka jikoni na mwiko mkononi, tayari kwa lolote. Kioko alimwashiria atulie. Akaweka ndoo chini.

"Dada, mimi sikumtafuta babako."

"Ebo! Alijiokota mwenyewe?"

"Alikuja mwenyewe. Kwa miguu, mpaka hapa. Muulize Jael. Alisema, 'Nasikia unamwogopa mkwe wangu, basi mimi nitamshika.' Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka koti, asionekane mbele ya wazungu amevaa matambara." Kioko alitazama chini. "Ningemkataza ningekuwa mjinga. Na mimi nina watoto wanaokula."

Kafedha aligeuza macho kwa Jael, na Jael akaitikia kwa kichwa, mwiko umeshuka. Matusi yote aliyoyapanga tangu Changamwe yakakosa mwenyewe. Alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara, malori yakimpigia honi, na hakusikia.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mzee Gona akapiga hodi. Kwa furaha zote, amevaa lile koti.

Thoya alisimama upesi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo humu?"

"Hatujambo, mzee. Karibu, karibu." Akamtolea kiti, kile kimoja walichokuwa nacho, akakipangusa kwa kiganja, yeye akakaa chini mkekani. Kafedha alibaki amesimama mlangoni. Hakuamkia. Koti lilikuwa limeshaingia jasho, na chumba kidogo kile kikajaa harufu yake.

"Baba," akasema, "nimetoka kwa Kioko."

"Ahaa."

"Anasema ulikwenda mwenyewe. Kwamba hakukuita mtu."

Alitaraji akane. Alimwomba Mungu akane, hata kwa uongo. Angalau angejua kwamba babake anaona aibu. Lakini mzee alijiweka sawa kitini, akafurahi kuulizwa.

"Hilo ni kweli. Nilikwenda mwenyewe. Wewe wajua nilivyokuwa nikiitwa huko nyumbani? Nikipita sokoni, watoto wadogo, vitoto vya juzi, wanasema, 'Yule ni mkwewe Thoya wa Kona.' Mimi! Gona! Mkwewe Thoya! Na wanasema Thoya hana wa kumshika, hapana mtu atakayekaa mbele yake." Akacheka kidogo. "Nikasema, hapana mtu? Basi na watazame. Na wametazama au hawakutazama?"

"Walitazama, mzee," akasema Thoya taratibu.

"Mkwe wangu ana adabu. Hilo nawaambia wote. Injini na moshi wake wote, alikaa nyuma yangu."

Kafedha alimtazama mzee yule, mashavu yake yanavyong'aa, kidole chake kinavyochezea kifungo cha koti, akaona kwamba hamjui. Mzee alimzaa, akamlea, naye Kafedha hamjui. "Umemmwagia unga mume wangu," akasema. "Umemrudisha kwenye magunia ili watoto wa sokoni wakutaje wewe kwanza. Baba, una haya wewe?"

"Kafedha," Thoya akasema, "ni mzee wetu."

"Mwache aseme," mzee alijibu kwa upole, akipunga mkono. "Mwache, maana sijamaliza. Nimekuja na heri. Bwana Mrefu ameniita." Alisogeza kiti mbele, akamwelekea mkwewe. "Krismasi anapata wageni kutoka Nairobi, wakubwa, na mabibi zao. Amewasimulia habari yetu, nao hawataki kuona kingine. Wanataka jambo lile lile. Mimi mbele, wewe nyuma. Atatia na ngoma, na gari langu litapambwa makuti. Na wakipenda, tutafanya kila msimu. Nikamwambia, Bwana, bila Thoya haiwezekani. Mwingine akikaa nyuma yangu, kuna maana gani? Akasema sawa, Thoya apewe gari."

Nje kuku alikuwa akipekua takataka. Kafedha alimtazama mumewe, naye alijua kwamba huu ndio wakati wake. Sasa amwambie. Hata asimtusi, asimguse, aseme tu neno moja la kukataa: aka. Aseme, mzee, nimekuheshimu pale pasipostahili, leo nimekoma. Mke yuko hapa mlangoni, hatarudi kwao hata aitwe kwa baragumu. Ana wasiwasi gani tena? Akaona mabega ya mumewe, ngozi ilivyochubuka kwa magunia, yakinyooka kidogo. Akaona uso wake ukifunguka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uwanjani macho yake yakapata uhai.

"Gari gani, mzee?" Thoya akauliza.

Kafedha alitoka. Alifika nyuma ya nyumba, akashika ukuta, akatapika chai yote ya asubuhi mpaka ikabaki nyongo. Alipokuwa akijipangusa mdomo kwa pindo la leso alimsikia babake ndani akisema ni Chevrolet, na mumewe akiuliza kama linakwenda mbio.